Shingo Wazi

Nsimire mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda parokiani kuaga korali, na nimekuambia urudi kabla ya saa kumi na mbili kwa sababu askari wameongezeka barabarani tangu juzi. Ukajibu, "Ndiyo, maman," kwa ile sauti yako ya kunikatisha maneno. Haya. Nina kama saa nne. Mvua inanyesha, sanduku lako liko wazi kitandani, na mimi nimekaa mezani na karatasi nilizochomoa katikati ya daftari lako la shule, maana karatasi nzuri zimekwisha.

Yale wanayoambiwa wasafiri sitayaandika. Kula, kuvaa, kusali, kutoongea na wanaume kwenye treni, yote hayo shangazi yako amekupigia kelele wiki nzima, na nilikuona ukiitikia huku akili iko kwingine. Kesho asubuhi utavuka mto Ruzizi, utapanda basi mpaka Kigali, ndege itakuchukua, na baada ya wiki tatu utasimama mbele ya walimu wa ile shule ya muziki ya Ubelgiji waliosikia kaseti yako. Ndege hainitishi. Shingo yako ndiyo inayonitisha.

Usiikunje barua. Kaa chini, soma.

Jana asubuhi nilikuwa nakupangia nguo. Ndani ya kitabu chako cha nyimbo nikakuta uzi mweusi wa kushonea, una mafundo matatu. Mtu mwingine angeutupa. Mimi nilikaa nao kitandani. Uzi ule naujua. Koko alikufundisha kama alivyonifundisha mimi binti yake, nikiwa msichana wa kifua kidogo: mwezi ukiandama unazungusha uzi shingoni, unapiga fundo pale unapokutana, na mwezi unaofuata unapima tena uone kama goita, ule uvimbe wa shingo, limekua. Mafundo matatu, miezi mitatu. Na kati ya la kwanza na la mwisho kunaingia kidole changu kidogo.

Ndipo mengine yote yakanijia. Kwa nini siku hizi unafunga blauzi mpaka kifungo cha juu hata jua likiwaka. Kwa nini Jumapili, wakati wa komunyo, kabla ya kupanda ile sauti ya juu, ulimeza mate mara mbili. Kwa nini uliniomba fulari yangu ya buluu, ile ninayojifunga shingoni. "Maman, unipatie ile fulari yako, kule iko baridi." Na mimi mjinga nilifurahi! Nilisema moyoni, mtoto anataka kubeba harufu ya mama yake. Kumbe unataka kujifunika kama nilivyojifunika mimi.

Nilijaribu kukuambia jana hiyohiyo, tukimenya viazi. Nilianza tu: "Nsimire, shingo yako..." Ukaniangalia kwa macho makavu.

"Maman, Koko alikuwa na yake mpaka kuzeeka, haikumufanya kitu. Na weye walikukata, wakakuharibia sauti. Mi siendi kukatwa."

Ukaendelea kumenya. Mimi nikaosha viazi ambavyo vilishaoshwa. Wewe ulidhani umenishinda. Kumbe maneno yale yalikuwa yangu. Ni mimi niliyekujaza kichwani, tangu ukiwa mdogo, kwamba daktari wa Bulaya aliniharibia sauti.

Si kweli, mwanangu. Ni uongo, nimeusema miaka kumi na mitatu, kwa Koko, kwa mapadri, kwa kila mama aliyeniuliza sokoni Nyawera kwa nini msanii mzima nimerudi kufundisha solfeji, kusoma noti za muziki, watoto wa parokia. Na kesho unataka kuvuka mpaka na uongo wangu ndani ya sanduku.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Papa yako alikufa ukiwa na miezi minane. Ulipofika miaka miwili nikapata bursi ya kulipiwa masomo ya kuimba Bulaya, hukohuko Ubelgiji unakokwenda, kwa juhudi za yule sista aliyetufundisha muziki pale shule ya lise. Nikakuacha mgongoni mwa Koko. Nilijiambia ni kwa faida yako, na kwa sehemu ilikuwa hivyo, na kwa sehemu kubwa zaidi nilitaka kuimba. Hilo halinipi aibu tena. Baada ya miaka miwili nikaingia kwenye jumba la opera. Wewe unajua opera ni nini, lakini Koko mpaka anakufa aliamini nilikuwa kwenye korali ya kanisa kubwa sana ambalo halina padri. Nilimwelezea: ni mchezo mzima, watu wanagombana, wanapendana, wanakufa, na yote kwa kuimba. Akauliza, "Na anayekufa anaimba pia?" Nikamwambia huyo ndiye anayeimba kuliko wote. Alicheka mpaka akakohoa.

Kila mwanzo wa msimu waimbaji wote tulipimwa koo. Daktari alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono ya moto. Alinishika shingo, akaniambia nimeze mate, akashika tena. Akasema: "Madame, kuna uvimbe hapa. Ni mdogo. Tutaanza na vidonge, urudi baada ya miezi mitatu. Uvimbe ukikataa kupungua tutautoa ungali mdogo, na sauti yako itabaki." Alisema kwa upole. Nami nilimchukia palepale.

Kwa nini? Kwa sababu wiki ileile walikuwa wamenipa nafasi yangu ya kwanza yenye jina, binti wa mfalme, na nyuma yangu kulikuwa na dada mmoja mwenye nywele nyekundu aliyejifunza nafasi hiyohiyo, akisubiri tu nipige chafya. Nikaogopa kwamba wakisikia nina ugonjwa, binti wa mfalme atakuwa na nywele nyekundu. Vidonge nikavimeza wiki mbili, nikaviacha. Baada ya miezi mitatu sikurudi. Nikaenda kununua fulari ya buluu.

Ee, nilikuwa hodari wa kudanganya! Wenzangu niliwaambia nasikia baridi. Nani atabishana na Mwafrika akisema anasikia baridi? Mama aliyeshona mavazi ya jukwaani nilimwambia kwetu mwanamke mwenye mtoto hafungui shingo mbele za watu. Maskini, akaandika kwenye daftari lake kwamba hiyo ni desturi ya watu wa Bukavu, akanishonea kola ndefu zenye shanga. Nilipendeza kweli. Nyumbani nilikuwa na uzi wa Koko, na kila mwezi ukiandama nilipima. Lakini niliuvuta, Nsimire. Niliuvuta mpaka ukaacha alama kwenye ngozi, ili mwisho wake ufike kwenye fundo la zamani, nipate kujisifu kwamba halijakua. Uzi wako nimeutazama vizuri. Wewe hukuuvuta. Ulipima sawasawa na ukaogopa sawasawa, na kwa hilo tayari una akili kuliko mimi.

Misimu miwili nikaimba hivyo. Msimu wa pili nilikuwa nalala na mito mitatu, na ngazi za jukwaani nilizipanda nikihesabu. Halafu siku moja, katikati ya wimbo nilioujua kama jina langu, nikafungua mdomo na pumzi haikuja. Orkestra ikaendelea bila mimi. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, kwa kuwa binti wa mfalme alikuwa karibu kufa kweli.

Daktari alikuwa yuleyule. Nilitegemea anigombeze, nilikuwa hata nimeandaa majibu. Aliniuliza tu, "Ulikuwa wapi, Madame?" Akanieleza kwamba sasa uvimbe umeshuka mpaka nyuma ya mfupa wa kifua, umesukuma njia ya hewa, na umeukumbatia mshipa unaotikisa sauti. Akaniambia wazi kwamba ataniokoa pumzi, lakini sauti hawezi kuniahidi. Nikasaini. Nilipoamka nikataka kumwita nesi, ikatoka hewa tupu.

Hapa naandika polepole, kwa sababu sasa unaingia wewe. Ulikuwa na miaka sita. Kabla ya hapo nilikuwa nakutumia kaseti, nakuimbia, nakusimulia mambo ya theluji. Nikiwa bado na nyuzi za kushonwa shingoni ikanifikia kaseti yako. Uliongea na Koko akiwa nyuma anakusukuma, ukasema, "Maman, uniimbie ile ya kulala." Niliisikiliza mara nyingi sana. Nikawasha mashine kukujibu, ikarekodi sauti ya mtu anayepuliza moto. Mwaka mzima sikukutumia kitu. Ukaambiwa kaseti zinapotea posta. Hazikupotea, mwanangu. Hazikuwepo. Ni mimi niliyemwandikia Koko akuambie hivyo, na najua uliacha kuuliza, na najua kwamba tangu hapo "ndiyo, maman" yako ikawa fupi. Nisamehe. Sina maneno mazuri kuliko hilo.

Na huo uongo wa daktari ndipo ulipozaliwa. Kumwandikia Koko kwamba nilionywa mapema, nikapuuza kwa ajili ya gauni lenye shanga, nilishindwa. Nikaandika: daktari amekosea, ameniharibia. Maneno matatu manne tu. Yalinipa usingizi. Kila aliyenihurumia alinipa sababu ya kuyarudia.

Sauti ilirudi. Ulishaniona nikiimba, kwa hiyo hilo unalijua, lakini hujui ilivyorudi. Mwalimu wangu wa zamani, mama mmoja mkali mwenye paka, alinikalisha kwenye kiti, mikono mbavuni, mdomo umefungwa, nikawa nasema "mmm". Dakika tano kwa siku. Nilitoa mlio wa mbuzi aliyefungiwa ndani. Paka alikimbia. Baada ya miezi minne "mmm" ikasimama bila kutetemeka, na mama yule, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akatoka chumbani akaenda kulia jikoni. Nilimsikia. Baada ya mwaka na nusu nikarudi kwenye jumba lilelile, kwa mlango wa korasi. Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito. Wakaanza kunipa mayaya, wachawi, mama wakwe. Sijafika hata thelathini, wananipaka mvi! Dada mwenye nywele nyekundu alikuwa binti wa mfalme, na mimi nilikuwa yaya wake, namchana nywele jukwaani kila jioni. Nilizichana kwa nguvu kidogo, Mungu anisamehe.

Na sasa nitakuambia nilichokificha kuliko vyote: nilikuwa naimba vizuri kuliko zamani. Sauti ya kwanza ilikuwa nzuri tu. Hii ya pili ilikuwa na kitu ndani. Nilikijua, waliokuja kunisikiliza walikijua. Miaka sita niliimba kwa koo ambalo daktari yule aliliokoa, nikala mkate wake, huku nikimsengenya katika kila barua. Ningekiri kwamba naimba vizuri, ningepoteza manung'uniko yangu, na nilikuwa nimeshayazoea.

Halafu Koko akaugua, nikaomba ruhusa ya wiki tatu. Wewe unasema goita halikumfanya kitu. Nsimire, ulilala naye chumba kimoja. Unakumbuka alivyokuwa akilala ameketi, mgongo ukutani, blanketi mabegani? Tuliita uzee. Unakumbuka alivyokuwa akisimama mara tatu kutoka kisimani, anasema anasalimia watu? Hakukuwa na watu. Alikuwa anatafuta pumzi. Tulimzika, na kabla sijafunga mizigo vita ikaingia, mpaka ukafungwa, na nafasi yangu kule ikachukuliwa na mwingine. Lakini hiyo ya vita uliiona mwenyewe.

Kuna siku moja ya vita ile hatujawahi kuizungumzia, wewe na mimi. Barabara ya Kavumu. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umebeba godoro kichwani, mimi nimebeba sufuria na redio isiyo na betri. Umati wote ulikuwa unapita kwenye bariera, kizuizi cha askari, bila kuulizwa sana. Sisi tu wakatutoa kwenye mstari. Nilijiuliza kwa muda mrefu kwa nini sisi. Ilikuwa fulari. Askari mmoja kijana, macho mekundu, alinionyesha kwa bunduki.

"Weye maman wa buluu, kuja hapa. Unaficha nini ku shingo? Zahabu?"

"Hakuna kitu, papa."

"Fungula."

Sikutaka. Unaelewa upumbavu huo? Bunduki iko mbele yangu, mwanangu yuko nyuma yangu, na mimi naona aibu ya kovu! Wewe ndiye uliyenyoosha mkono ukaivuta fulari. Kovu likatoka lote, kutoka huku mpaka kule, maana wakati ule lilikuwa bado linang'aa. Yule askari akarudi nyuma hatua moja.

"Nani alikufanyia hii?"

"Daktari."

"Daktari gani anachinjaka watu?" Akamgeukia mwenzake. Mwenzake, mkubwa kidogo kwa umri, akanitazama, akapiga ishara ya msalaba, bunduki ikiwa kwapani. "Acha huyu maman apite. Walishamuchinja, akakatala kufa. Usimuguse."

Tukapita. Tulitembea mpaka Kavumu. Na mimi, badala ya kujifunza, jioni nikakuomba fulari yangu nikaivaa tena. Uliniangalia tu. Mpaka leo naivaa, hata kwenye joto la Februari, na wewe umekua ukiniangalia. Usifikiri sijui ulijifunzia wapi.

Sasa nisikilize. Jana nilitaka kukaa kimya. Nilijiambia, acha avuke kwanza, acha atoke kwenye mji huu wa risasi, shingo itaangaliwa baadaye. Kwa sababu najua unachohofia, na si upumbavu. Ukiwaonyesha walimu shingo kabla hujaimba, huenda watasema subiri mwaka. Huenda nafasi yako itapewa mwingine, na kuna dada mwenye nywele nyekundu kila mahali. Huenda watakurudisha hapa, na hapa unajua kulivyo. Siwezi kukuahidi kwamba haitakuwa hivyo. Ningekuwa mama mzuri zaidi ningekuwa na la kuahidi. Nina hili tu: uvimbe wako bado ni mdogo. Wangu siku ile ya kwanza ulikuwa hivyohivyo. Mzee yule mwenye mikono ya moto alikuwa tayari, na aliyekosekana ni mimi.

Kwa hiyo onyesha shingo kwanza, mwanangu. Halafu imba. Ukipoteza kiti, njoo nyumbani, tutapiga kelele pamoja, tutamlaani kila mtu wa Bulaya mmoja mmoja. Nitakuwa upande wako hata ukikosea. Ila usiuvute uzi niliouvuta.

Chini ya nguo, upande wa kushoto, kuna bahasha nyingine iliyofungwa. Ni ya daktari yule. Sijui kama bado yu hai, alikuwa mzee hata wakati ule, lakini anwani ya jumba la opera iko juu na wao watajua aliko, au ni nani aliyechukua mahali pake. Nilikaa juu ya barua ile tangu asubuhi na imetoka fupi. Nimemwomba msamaha kwa miaka kumi na mitatu ya kumchafua. Kisha nimeandika: huyu ni binti yangu, safari hii tumekuja mapema.

Nasikia mvua inapungua, na mbwa wa jirani anabweka, labda ni wewe. Namalizia.

Fulari ya buluu usiitafute kwenye sanduku, nimeitoa. Usiitafute kabatini pia. Nimeikata vipande viwili: kipande kimoja kimefutia masufuria, kingine ndicho unachokiona chini ya mguu mfupi wa meza hii ambayo umeilalamikia tangu tuhamie. Haitikisiki tena. Kesho nitakusindikiza mpaka Ruzizi na ile blauzi yangu nyeupe isiyo na kola. Mama wa Nyawera watageuka kuangalia, wacha wageuke. Tutafika mpakani mchana kweupe, wewe na mimi, shingo wazi, na yeyote anayetaka kuuliza, aulize.

Mama yako,
aliyekatwa akapona